Cheti kilikuwa cha kompyuta nyingine

Kamati ya ukaguzi na mapokezi ilimaliza kazi yake kabla ya saa sita mchana. Wajumbe watatu walifungua makasha 40, wakahesabu kompyuta mpakato 40, chaja 40 na mabegi 40, wakalinganisha jina la modeli lililobandikwa chini ya kila mashine na lile lililokuwa katika hati ya zabuni, kisha wakatia saini. Ilikuwa Agosti 2020, chuo kikiwa kimefunguliwa tena baada ya likizo ya lazima ya korona, na mimi niliyeandika vigezo vya kiufundi vya zabuni ile nilisimama pembeni nikiwa na flashi ya Ubuntu 20.04, mfumo endeshi huria wa familia ya Linux, mfukoni, nikijiona mtu aliyetimiza wajibu wake. Katika vigezo vyangu kulikuwa na sentensi moja niliyoionea fahari, kwamba modeli itakayoletwa iwe katika orodha ya kompyuta zilizothibitishwa kufanya kazi na Ubuntu. Mzabuni alikuwa ameambatisha ukurasa wa orodha hiyo, umechapwa kwa rangi, na modeli yetu ilikuwemo.

Mchana nikasakinisha mfumo kwenye mashine ya kwanza. Skrini ilikuwa safi, sauti ilitoka, padi ya kugusa iliitika, na usakinishaji ulichukua muda mfupi kuliko nilivyotegemea. Nilipofungua mipangilio ili kuunganisha mtandao, mfumo ukaniambia kwamba hakuna kifaa chochote cha Wi-Fi kilichopatikana. Nikawasha ya pili, ikasema vivyo hivyo, na ya tatu haikuwa na jambo jipya la kunieleza. Maabara yetu ilikuwa na soketi sita tu za kebo ya mtandao, na hiyo ndiyo sababu tulinunua kompyuta za Wi-Fi badala ya kuchimba kuta.

Nilimpigia mzabuni simu jioni ile. Hakuwa mkali, na sikuwa na sababu ya kuwa mkali mimi.

"Mwalimu, modeli si ndiyo hiyohiyo mliyoitaka?"

"Ndiyo."

"Na kwenye orodha si imo?"

"Imo."

"Sasa?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa amesema kweli neno kwa neno. Nilichokuwa nimeomba ni jina, naye akaleta jina. Ilinibidi nirudi kwenye ule ukurasa wa rangi niusome kama nilivyopaswa kuusoma kabla zabuni haijatangazwa, nikaanza kuelewa kitu ambacho nimekuwa nikiwaeleza wenzangu wa idara za TEHAMA tangu wakati huo: cheti cha utangamano kati ya kompyuta na mfumo endeshi ni ushahidi kuhusu mashine moja mahususi, yenye vipande mahususi ndani yake, iliyopimwa kwa toleo mahususi la mfumo. Jina lililo juu ya mfuniko ni la familia nzima.

Ili jambo hili lieleweke, inabidi kufungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Katika Linux kuna amri iitwayo lspci, na ukiiandika pamoja na alama ya -nn inakupa orodha ya vipande vyote vilivyounganishwa na PCI, njia ambayo vifaa vya ndani hutumia kuwasiliana na prosesa, kila kimoja kikiwa na namba mbili zilizotenganishwa kwa nukta pacha. Namba ya kwanza ni ya mtengenezaji, ya pili ni ya kifaa chenyewe. Ukiona 8086, hiyo ni Intel, ambao walijichukulia namba inayolingana na jina la prosesa yao ya mwaka 1978. Wahandisi nao wana utani wao. Ukiona 8086:24f3, hiyo ni kadi ya Wi-Fi ya Intel iitwayo Wireless 8260, na 8086:24fd ni ndugu yake wa baadaye, 8265. Mfumo endeshi unapowaka hausomi stika wala haujui kama mashine ilinunuliwa kwa bei ghali. Husoma namba hizi tu, kisha huuliza draiva zake, zile programu ndogo zinazojua kuzungumza na kila kifaa, moja baada ya nyingine kama kuna inayoitambua namba hiyo. Draiva ikijitokeza, kifaa kinaanza kazi. Isipojitokeza, kadi inakaa pale ndani ikiwa imepata umeme wote inaouhitaji na haina mtu wa kuzungumza naye.

Katika ukurasa wa cheti, sehemu ya vipande vilivyopimwa, kadi ya Wi-Fi ilikuwa ya Intel. Katika mashine zangu 40, namba ya mtengenezaji ilikuwa nyingine kabisa. Kompyuta zote zilikuwa halisi na hakuna aliyetuibia. Jina moja la modeli ni mwavuli, na chini yake mtengenezaji hujiwekea nafasi ya kutumia kadi za Wi-Fi za kampuni mbili au tatu, skrini za viwanda tofauti, padi za kugusa za aina mbili, diski za yeyote atakayekuwa na bei nzuri robo ile ya mwaka, ili upungufu wa kipande kimoja usisimamishe kiwanda kizima. Miongozo ya matengenezo ambayo watengenezaji huweka hadharani kwa ajili ya mafundi huorodhesha vipande hivi mbadala bila kificho. Kwa mtumiaji wa Windows jambo hili halionekani, maana mtengenezaji ameshapakia draiva ya kila kipande kabla kasha halijafungwa. Ukiifuta Windows ukaweka mfumo mwingine, ndipo unapokutana na vile vipande kimoja kimoja, kwa namba zake.

Kazi ya kuthibitisha yenyewe naiheshimu, na niliiheshimu zaidi baada ya kuisoma kwa undani. Canonical, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na ambayo ndiyo inayotoa Ubuntu, ina maabara ya upimaji Taipei, mahali panapoeleweka ukikumbuka kwamba kampuni kubwa zinazounda kompyuta mpakato kwa niaba ya majina tunayoyajua sisi ni za Taiwan. Watengenezaji hupeleka mashine huko, wakati mwingine kabla hazijaingia sokoni. Programu inayoongoza vipimo inaitwa Checkbox, na ni programu huria, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuiweka kwenye kompyuta yake mezani na kuona maswali yaleyale wanayoulizwa wahandisi.

Mengi ya maswali hayo hujibiwa na mashine yenyewe: kumbukumbu inaelemewa kwa makusudi, prosesa inachemshwa, faili kubwa zinanakiliwa kwenda na kurudi kupitia kila tundu la USB. Mengine yanahitaji mkono na jicho la mtu. Programu inakuomba uchomeke vipokea sauti kisha useme kama umesikia mlio upande wa kushoto au wa kulia. Inakuomba ufunge mfuniko, usubiri, uufungue. Inakuomba ubonyeze kitufe cha kupunguza mwanga na uthibitishe kwamba mwanga kweli umepungua. Kuna kipimo kimoja ninachokipenda kuliko vyote, cha kuilaza kompyuta na kuiamsha mara 30 mfululizo, na kila inapoamka inakaguliwa kama Wi-Fi imerudi, kama skrini ina ukubwa uleule, kama hakuna kifaa kilichopotea usingizini. Anayedhani ni kipimo cha kitoto hajawahi kuwa na kompyuta inayoamka vizuri Jumatatu na Jumanne halafu Jumatano ikabaki na skrini nyeusi huku feni ikizunguka. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa, na sehemu kubwa ya kuundwa huko ni mtu aliyekaa kwenye kiti akifunga na kufungua mfuniko.

Mwishoni huandikwa ukurasa unaotaja toleo la Ubuntu, kiini chake (programu ya ndani kabisa inayoviendesha vifaa), toleo la bayosi (programu inayoamsha mashine), na vipande vikuu. Kila neno pale lina uzito. Mashine iliyothibitishwa kwa toleo la 18.04 haijasemewa lolote kuhusu 20.04, hata kama kwa kawaida itafanya kazi. Baadhi ya kurasa hizo zilikuwa na tahadhari ndogo ambayo watu wengi, nikiwemo mimi, huiruka: kwamba mashine ilipimwa kwa nakala ya Ubuntu iliyowekwa na mtengenezaji kiwandani, na kwamba Ubuntu ya kawaida inayopakuliwa na kila mtu inaweza isifanye kazi vizuri, au isifanye kazi kabisa. Nakala hizo za kiwandani huja na kiini chao, ambacho Canonical hukitunza kando chini ya jina la "oem", chenye draiva mpya ambazo hazijafika bado kwenye kiini cha watu wote. Ukurasa wetu ulikuwa na tahadhari hiyo. Ulichapwa kwa rangi, ukaambatishwa kwenye zabuni, ukapita mikononi mwa watu wasiopungua sita, na mstari ule ukabaki pale chini ukiwa hausomwi na yeyote.

Suluhisho la kwanza lilikuwa la kawaida na la kuchosha. Draiva ya kadi yetu ilikuwepo katika hazina ya vifurushi vya Ubuntu, ila haikuwa ndani ya usakinishaji wa kawaida, na ili kuipakua ulihitaji intaneti, ambayo ndiyo hasa ilikuwa haipo. Nikaunganisha simu yangu kwa kebo ya USB, nikagawa bando langu. Kifurushi chenyewe ni cha aina inayojijenga upya kila kiini kinapobadilika, na kwa kuwa mashine zilikuwa na ule ulinzi unaokataa moduli (kipande cha programu kinachoingia kwenye kiini) isiyo na saini wakati wa kuwaka, mfumo uliniomba nitunge neno la siri, kisha ulipojiwasha upya ikatokea skrini ya bluu yenye menyu ya maandishi ikinitaka nisajili ufunguo na kuandika lile neno la siri tena. Usipobonyeza kitufe ndani ya sekunde chache skrini hiyo inaondoka na unaanza upya. Nilifanya hivyo kwa mashine 11, siku mbili. Kisha nikaenda mjini kununua vipokezi vidogo vya Wi-Fi vya kuchomeka kwenye USB, vya bei ndogo, ambavyo draiva yake ilikuwa imo ndani ya kiini tangu miaka mingi, nikavichomeka kwenye zile 29 zilizobaki. Hakuna mtu aliyewahi kuvithibitisha kwa chochote.

Ingekuwa rahisi kudhani hili ni tatizo la Linux peke yake, ambayo inabisha hodi kwenye nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mwingine. Historia ya Microsoft inaonyesha vinginevyo. Kwa miaka mingi kampuni hiyo imekuwa na mpango wake wa uthibitisho, ambao mafundi wa zamani wanaujua kwa herufi WHQL, kifupi cha Windows Hardware Quality Labs. Mtengenezaji wa kifaa huendesha vipimo katika maabara yake mwenyewe, kompyuta moja ikiongoza na nyingine zikipimwa, hutuma furushi la matokeo, na Microsoft ikiridhika inatia saini ya kidijitali kwenye draiva. Nguvu ya saini hiyo imekuwa ikiongezeka. Zamani Windows ilikuonya tu kwamba draiva haijapita vipimo, nawe ukabonyeza kuendelea kama kila mtu. Katika Vista, toleo la Windows la mwaka 2007, ile ya biti 64, draiva isiyosainiwa haikuruhusiwa kuingia kwenye kiini, na kuanzia toleo la Windows 10 la mwaka 2016 draiva mpya za kiini zinapaswa kusainiwa na Microsoft wenyewe.

Lakini cheti chochote kinachosaidia kuuza bidhaa hakikosi kuvutwa na watu wa mauzo, na mfano mzuri zaidi ninaoujua ni stika ya "Windows Vista Capable". Mwaka 2006, Vista ikiwa bado haijatoka, watengenezaji waliogopa kwamba wanunuzi wangesubiri, hivyo kompyuta zilizokuwa madukani zikabandikwa stika ya kuahidi kwamba zitaimudu Vista zitakapohamishwa. Mwanzoni masharti yalidai uwezo wa michoro ambao chipu za Intel za familia ya 915 hazikuwa nao, na chipu hizo zilikuwa zimejaa sokoni. Masharti yakalegezwa. Vista ilipotoka Januari 2007, wenye mashine hizo wakakuta wanapata Vista isiyo na ule mwonekano wa kioo uliotangazwa kila mahali. Kesi ilifunguliwa Seattle, na Februari 2008 barua pepe za ndani za Microsoft zikawekwa hadharani. Katika mojawapo, makamu wa rais wa kampuni hiyo, Mike Nash, alilalamika kwamba amenunua kompyuta yenye stika ile na sasa ana mashine ya dola 2,100 ya kusomea barua pepe. Mwaka uliofuata mahakama iliwaondolea walalamikaji hadhi ya kushtaki kwa pamoja, ila barua zilikwishasomwa. Huyo alikuwa mtu wa ndani, mwenye namba za simu za wale walioandika masharti, na bado aliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwangu mimi, tukio la Julai 19, 2024 linafundisha zaidi kuliko la Vista, kwa sababu hapo hakuna aliyelegeza sharti lolote. Programu ya ulinzi ya CrowdStrike ilikuwa na draiva ndani ya kiini cha Windows, iliyopita vipimo vya WHQL na kusainiwa kama inavyotakiwa. Kilichotumwa asubuhi ile hakikuwa draiva. Kilikuwa faili la maelezo ya vitisho vipya, ambalo draiva hulisoma kila siku bila kupita tena maabara, maana ulinzi unaosubiri cheti wiki mbili hauna faida. Faili lilitarajia taarifa 21, na draiva ilikuwa ikipewa 20. Ilipokwenda kusoma ya 21 ikagusa kumbukumbu isiyo yake, na kompyuta ikaanguka na skrini ya bluu, ikajiwasha, ikaanguka tena. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Draiva ilikuwa na cheti halali, ila siku inapimwa ilikuwa haijakutana na faili lile.

Rafiki yangu anayeuza kompyuta za mtumba Kariakoo ana mtazamo wake kuhusu mambo haya, na anaueleza kwa bei. Kwa miaka kadhaa mashine iliyomlisha ilikuwa HP EliteBook 840 G3, iliyotoka maofisini Ulaya na Ghuba, imara, yenye kibodi nzuri, prosesa ya Intel ya kizazi cha 6. Juni 2021 Microsoft ikatangaza Windows 11 na masharti yake: chipu ya usalama ya TPM 2.0, kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, na prosesa ya Intel isiyo chini ya kizazi cha 8. Sharti la mwisho ndilo lililoumiza, kwa sababu 840 G3 iliweza kutimiza mengine yote, hata ile TPM kwa kuihuisha. Kulikuwa na msamaha wa prosesa chache sana za kizazi cha 7, na mojawapo ilikuwa ile iliyomo ndani ya Surface Studio 2, kompyuta ya Microsoft wenyewe. Rafiki yangu hakuhitaji maelezo zaidi kuhusu hilo, alicheka tu.

Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025, bei ya kizazi cha 6 na cha 7 ilikuwa imeshashuka, na wateja walikuwa wamejifunza kuuliza swali moja, "Inakubali 11?" Jibu la kweli ni kwamba ziko njia za kuruka ukaguzi na mfumo ukakaa, ukafanya kazi, na ukaendelea kufanya kazi hadi siku sasisho kubwa litakapokataa. Wauzaji wengi hujibu "inakubali" wakaishia hapo. Sisemi masharti yale hayana sababu. Prosesa mpya zina mambo ya ulinzi ambayo za zamani zinayafanya kwa shida. Nasema tu kwamba hapa neno "haijathibitishwa" halikumaanisha "haiwezi". Lilimaanisha kwamba Microsoft haitawajibika kwa mashine hiyo, na tofauti hiyo ya maneno mawili imehamisha thamani ya makontena mazima.

Kuwajibika ndiko kunakonunuliwa, na hili huonekana waziwazi kwenye seva. Taasisi inayoilipa kila mwaka Red Hat, kampuni yenye mfumo wa Linux wa seva uitwao RHEL, hailipii programu, ambayo ni huria. Inalipia mtu wa kupokea simu saa nane usiku hifadhidata ikisimama. Mtu huyo akigundua kwamba seva yako haimo katika orodha iliyothibitishwa, ana haki ya kukuambia uonyeshe tatizo hilohilo kwenye mashine iliyomo. Tena orodha hiyo hupunguzwa. RHEL 8 ilipotoka Mei 2019, ilikuwa imeondoa namba za kadi kadhaa za zamani za kuunganishia diski, zikiwemo zile za chipu ya SAS2008 ambazo zimejaa kwenye seva za mtumba. Draiva yenyewe ilikuwa bado imo na inaweza kuziendesha. Kilichofutwa ni mstari wa namba unaosema inazitambua. Fundi anayeweka mfumo anafika kwenye hatua ya kuchagua diski na kukuta orodha tupu, ilhali juzi tu kwenye RHEL 7 diski zote nane zilikuwa zikionekana. Anaweza kuzirudisha kwa moduli za jumuiya ya kujitolea, na zitafanya kazi barabara, ila saa nane usiku atajipigia simu mwenyewe.

Zile mashine 40 zilijirekebisha zenyewe, kwa namna fulani. Agosti 2021, mwaka mzima baada ya ile kamati kutia saini, sasisho la Ubuntu 20.04 likaleta kiini cha 5.11, ambacho draiva ya kadi yetu ilikuwa imeshaingizwa ndani yake. Asubuhi moja mwanafunzi aliniita akauliza kwa nini kompyuta yake inaonyesha mitandao miwili ya Wi-Fi yenye jina moja. Nikazunguka maabara nikivichomoa vile vipokezi vidogo, nikavitia kwenye kasha la viatu, na mpaka leo vimo kabatini na huazimwa na kila anayekwama. Cheti hakikuandikwa upya.

Zabuni iliyofuata ilikuwa mapema 2024, na safari hii niliandika vigezo kwa ukurasa mmoja na nusu badala ya sentensi moja. Niliacha kutaja orodha. Nilitaka kila mzabuni alete mashine moja ya mfano, nikataka mashine zitakazofuata ziwe na namba zilezile za PCI kwa kadi ya Wi-Fi, michoro na sauti kama za ule mfano, na nikaomba matokeo ya lspci ya mashine zote yakaguliwe kabla ya kamati kutia saini. Afisa manunuzi alisoma, akanitazama juu ya miwani yake. "Mwalimu, hizi 8086 ndiyo bei?" Nilimweleza, na ingawa sidhani kama alishawishika, aliacha ibaki.

Mzabuni mmoja alikuja na mfano wake siku ya Alhamisi, kijana aliyevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi vizuri, na sikutaka kuichukua mashine ile nyuma ya mlango. Nikachomeka flashi mbele yake, nikaanza Checkbox, nikamwomba akae. Tulipofika kwenye usingizi wa mara 30 nikamwagizia chai. Mashine ililala na kuamka, ikalala na kuamka, taa ndogo ya pembeni ikizimika na kuwaka, naye akawa anahesabu kwa sauti ya chini bila kujua kwamba anahesabu. Zote 30 zikapita. Kilichoanguka kilikuwa kamera: ilikuwa ya ile aina mpya isiyopitia njia ya USB, na kwenye mfumo wa kawaida ilitoa picha nyeusi tupu.

"Lakini kamera mnaihitaji ya nini, mwalimu?"

Nilimkumbusha mwaka 2020 na korona yake. Akatikisa kichwa, akafunga mfuniko, akasema Jumatatu ataleta nyingine. Alipofika mlangoni akageuka, akauliza kama anaweza kuinakili ile flashi ili akaipime mwenyewe dukani kabla hajaja.

Nilimpa, ikarudi Jumatatu pamoja na mashine mbili.